Kisu cha Kwenda Nacho Sandoa

Ngalula, binti yangu,

Umekwenda Manika kuagana na wenzako wa kwaya, na mama yako yuko chumbani anafunga upya mabegi yako, kwa sababu ulivyoyafunga wewe hakupenda. Mimi nimetoa kiti nje, upande ambao vumbi la malori halifiki sana, nikaona nikuandikie sasa jua likiwa bado lipo. Kesho alfajiri, kwenye gari la kukupeleka Sandoa kwenye kazi yako ya mashamba na mifugo, sitaweza kusema kitu. Unanijua. Nitauliza kama umefunga zipu, basi, kisha nitaangalia pembeni.

Habari za maji ya kuchemsha, za chandarua, za mchungaji wa kumwona ukifika, mama yako amekwisha kuzisema na atazisema tena. Mi sina la kuongeza hapo. Nataka kuandika juu ya kisu. Tangu Jumamosi ile tumekuwa tukipishana humu ndani tukiwa tumenyamaza kwa sababu ya kisu, na kimya hicho kimenichosha kuliko mabega yangu yanavyonichosha.

Ulikuja kwangu ukasema, "Tata, kule kazi ni kukata tu. Miti ya mihogo ya kupanda, kamba za mbuzi, mifuko ya mbolea, miche ya miembe ya kuunganisha. Nataka kisu kidogo cha kukunja, kikali kabisa, kikae mfukoni kila siku. Unisindikize nichague." Nilifurahi, lakini sikuonyesha. Tangu udogo wako ulikuwa unakuja kwangu kuomba ruhusa. Siku ile ulikuja kuniomba kile ninachokijua.

Na mimi nikaiharibu ile siku.

Yule kijana muuza kufuli na tochi pale sokoni alitoa kisu cheusi, akabonyeza kitufe, kikaruka wazi. Akakipitisha juu ya mkono wake, vinyweleo vikaanguka. "Mama, hii njo kisu," akakuambia. "Inanyoa sawa wembe." Ulikishika, uso wako ukabadilika kama mtu aliyeona alichokuja kutafuta. Mimi nikakichukua mkononi mwako bila kukuomba. Nikashika mpini, nikasukuma mgongo wa kisu kwa kiganja. Kikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Hii haiko kisu," nikasema.

"Tata, iko mukali kupita yote ya hapa," kijana akajibu.

"Makali nimeyaona. Naangalia kile kinachoyashika."

Hapo ndipo uliposema, kwa sauti ndogo lakini kijana alisikia: "Tata, weye unaogopa bisu. Mi haiko tena mutoto ya ku mugongo."

Nilikiweka chini kile kisu, tukaondoka bila kununua chochote. Kwenye pikipiki ulikaa nyuma yangu hukunishika bega, ulishika chuma cha nyuma. Nilijua. Kutoka Manika mpaka hapa kwetu Dilala nilikuwa natafuta jibu, na tulipofika mlangoni nilikuwa bado sina. Sasa nalitafuta tena, kwa kalamu.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa fundi wa ile mikanda mikubwa ya mpira inayobeba mawe ya shaba kutoka shimoni kwenda kusagwa. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi kwenye mgodi huohuo, akaniingiza. Mkanda ukichanika, ulikuwa unakata mpira na kitambaa kilichomo ndani yake, tabaka kwa tabaka, kama mtu anavyomenya kitunguu, halafu unaunganisha. Kwa kazi ile kisu lazima kiwe kikali mpaka kiende kwa uzito wa mkono wenyewe. Ukianza kusukuma, umeharibu.

Nilinunua kisu cha kukunja kwa mtu aliyekuwa anatoka upande wa Zambia. Mpini wake ulikuwa wa pembe nyeupe. Nilikinoa kila jioni, nikakifanya kikali mpaka wenzangu walikuwa wakikiazima si kwa kukata, ni kwa kukiangalia. Nilitembea nacho kama mtu anavyotembea na viatu vipya. Kitu kimoja sikukiangalia: kile kipande kidogo cha chuma kinachozuia kisu kisijikunje wakati unafanya kazi. Kilikuwa kimelegea. Nilikiona kimelegea, nikasema nitakikaza Jumapili.

Siku moja nilichoma ncha kwenye mpira, ikanasa. Nikapindisha kidogo ili itoke. Kisu hakikuteleza wala hakikuvunjika. Kilijifunga tu, kama kilivyotengenezwa kujifunga, na vidole vyangu vikiwa ndani. Mwenzangu Kalenga, tuliyekuwa tunafanya naye kazi mkanda mmoja, alinifunga mkono kwa kipande cha mpira wa baiskeli akaukaza. Alikuwa ananiambia jambo lilelile: "Usiangalie, ndugu yangu. Ikala chini. Usiangalie."

Vile vidole viwili vya mkono wangu wa kuume visivyokunja, ambavyo ukiwa mdogo ulikuwa unavitundikia mfuko wako wa shule, ni kazi ya kisu kile. Ulikuwa ukiuliza, nami nilikuwa nakujibu "kazi". Halikuwa jibu la uongo, lilikuwa fupi tu.

Nilipopona nilifanya kile wanachofanya watu wengi walioumia: niliyachukia makali yenyewe. Nikatafuta kisu kingine, kikubwa, kinene, na sikukinoa. Niliona nimepata akili. Lakini kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ikishaanza safari huwezi kuiita irudi. Kiliteleza juu ya mkanda mpya, kikachora mstari mrefu mahali pasipotakiwa, na tukabaki kurudia kazi ya siku nzima, watu wote wamenuna. Kalenga alikichukua, akakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, akanirudishia. "Unaogopa kujikata," akasema, "njo sasa unatukata siye bote." Hakucheka alipokuwa anasema.

Basi nikapata cha tatu. Kidogo, mpini wa mti, kifungo chake kimekaza, na nikakinoa tena kama nilivyojua kunoa. Kile kilikaa mfukoni mwangu tangu kabla hujazaliwa. Nilikizoea mpaka nikasahau kwamba ninacho. Hicho ndicho kisu cha siku ile ya barabarani, ambayo wewe unaijua kwa mdomo wa mama yako tu. Yeye huisimulia kwa maneno machache kisha anaanza kupanga vyombo. Acha mimi nikuambie nilivyoiona.

Tulikuwa tunatoka hospitali ndogo ya Manika, ulikuwa umechomwa sindano ya chanjo. Mama yako alipanda pikipiki ya mbele, wewe mgongoni, umefungwa kwa kikwembe chake cha kubebea, na juu yake alijitanda kikwembe kingine kwa sababu ya vumbi. Mimi nilikuwa kwenye pikipiki ya nyuma na mfuko wa unga. Kwa hiyo niliona. Niliona ncha ya kitambaa inacheza karibu na gurudumu, nikamwambia wewa wangu, mwendesha pikipiki, apige honi. Alikuwa bado hajapiga, kitambaa kikaingia.

Gurudumu lilikivuta kama mtu anavyovuta kamba ya ndoo. Vile vikwembe viwili vilikuwa vimeshikana, cha juu kikavuta cha kukubebea. Mama yako alivutwa nyuma, akaanguka ubavu, na wewe ukabanwa kati ya mgongo wake na chuma. Wewa wake alizima injini haraka, namshukuru kwa hilo mpaka leo. Lakini kitambaa kilikuwa kimeshazunguka kwenye mnyororo, kimekaza kama waya. Tulijaribu kurudisha gurudumu nyuma, likakataa.

Mama yako hakuweza kugeuka. Alikuwa ananiuliza, "Tata, mutoto eko analia? Simusikie." Ulikuwa hulii. Ulikuwa umefungua mdomo na hakuna kilichotoka. Kifua chako kilikuwa kimefungwa mpaka hakipandi.

Nilitoa kisu. Kilifunguka vizuri, kikakaa imara. Niliingiza ncha chini ya kitambaa, pale kilipokaza pembeni mwa paja lako, nikavuta. Nilivuta kama mtu anayekata mkanda wa mgodini, Ngalula. Kitambaa kilichokaza hakingoji. Kilipasuka chote kwa mara moja, na mkono wangu, uliokuwa umejiandaa kwa kazi ngumu, haukukuta kazi. Ukaendelea. Makali yalikuwa yanatazama kwako.

Ukalia. Nilifurahi kusikia unalia, kisha nikaona damu kwenye muundi wako mdogo, chini ya goti, nikajua ni mkono wangu.

Muuguzi aliyekushona alisema kidonda ni safi, kitafunga vizuri, kisu butu kingechana nyama. Alitaka kunifariji. Wewa alizunguka mtaa mzima akisimulia kwamba baba amemwokoa mtoto, watu wakaja kunishika mkono. Mimi nilikuwa nawasikia na naona mguu tu. Tulipofika nyumbani mama yako alikulaza, akatoka, akanyoosha mkono. "Leta ile kisu." Nikampa. Akaenda nacho nyuma ya nyumba, akakitupa ndani ya choo. Mimi sikumzuia.

Tangu hapo sikubeba kisu tena. Kazini nilikuwa naazima. Kampuni ilipotuachisha kazi, nikaanza kutengeneza mikanda ya mashine za kusaga mahindi huku mtaani, nilikuwa na kisu cha kazi kinachobaki kwenye sanduku la vyombo, hakiingii mfukoni. Ndiyo maana umekua ukiamini baba yako anaogopa visu. Mtoto huona kile kisichokuwepo, akakitafutia sababu yake.

Nilichokuwa naogopa ni ule muda mdogo kati ya ncha kuingia chini ya kitambaa na mkono kuvuta. Katika muda ule ningeweza kugeuza makali yatazame nje, kwa hewa, yasitazame kwako. Kugeuza kifundo cha mkono tu. Nimekigeuza mara nyingi sana kichwani, nikiwa nimelala, nikiwa kanisani, nikiwa nimeshika mkanda wa mashine ya mtu. Labda ule muda haukuwepo kabisa. Labda ningegeuza na ungekosa pumzi. Sijui, na nimechoka kuutafuta. Wewe unatembea vizuri, ulikimbia kuliko wote shuleni, na alama yako ya muundini huifichi. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyebaki pale barabarani.

Mama yako naye nilidhani amebaki. Jumapili baada ya kanisa aliniuliza, "Juu ya nini mutoto mwanamuke atembee na kisu mu mufuko? Bantu batasema nini?" Nikamwambia ni kazi. Katikati ya juma alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, pale jikoni, mimi natengeneza redio, akasema bila kuinua macho:

"Tata. Ile siku, kama kisu yako ingekuwa butu?"

Nikaweka redio chini.

"Nilitupa kisu mu choo," akasema, "lakini ile swali sikujiulizaka. Nilikuwa naangalia muguu yake tu." Akaendelea kuchambua. Baadaye, nilidhani ameshasahau, akaongeza: "Muache aende na yenye makali."

Hakukuambia wewe, kwa hiyo nakuambia mimi. Kama atakuuliza, sikusema kitu.

Kesho yake ulirudi kutoka Manika peke yako, ukaweka kisu karibu na sahani yangu. Si kile cheusi. Cha rangi ya kahawia, kifupi, hakina mapambo. Ukasema, "Tata, sukuma mugongo." Nikasukuma. Hakikucheza. Nikasukuma tena kwa nguvu yangu yote ya mkono wa kushoto. Hakikucheza. Nikasema "sawa", nikaendelea kula, na wewe ukangoja kidogo kisha ukaenda zako.

Neno "sawa" halikutosha, na kwa hilo nakuomba radhi. Ulichagua vizuri kuliko ambavyo mimi ningekuchagulia. Mimi ningekupa cha kufungua kwa mikono miwili, cha wazee. Wewe ulifikiri kwamba mkono mmoja utakuwa umeshika kamba ya mbuzi au shina la mche, ukatafuta kinachofunguka kwa kidole gumba. Mpini wake unajaza kiganja chako, si changu. Nilipokishika nilihisi nimevaa kiatu cha mtu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Lakini makali ya dukani ni ya kuonyesha wateja. Leo tangu asubuhi nimekishughulikia. Nimekipitisha kwenye jiwe na maji, taratibu, upande mmoja na upande mwingine, kisha kwenye mkanda wangu wa zamani wa ngozi. Mama yako aliniletea uzi wa kushonea, akaushika ukining'inia hewani bila kuuvuta. Nikaugusa kwa kisu. Ukaanguka. Yeye ndiye aliyeuokota, akautazama, akasema, "Ni vile." Usikijaribu kwenye vinyweleo vya mkono kama yule kijana, watu watadhani una wazimu, na hakikuambii chochote ambacho uzi haukuambii.

Utomvu wa mihogo utakichafua, ukifute kabla haujakauka. Vumbi la kule litaingia kwenye bawaba, liondoe kwa tone la mafuta ya kupikia ukikosa mengine. Waya usikate. Watu watakiazima kwako kwa sababu kisu kikali kinajulikana haraka kama mtu anayejua kupika; mpe mtu kikiwa kimefungwa, na upokee kikiwa kimefungwa. Makali yakianza kushuka, usingoje mpaka kiwe butu ndipo unoe. Kidogo kila jioni ni rahisi. Nikiwa kijana nilikuwa nangoja, na mambo mengine mengi nilingoja pia, si visu tu.

Kuna jambo moja ambalo yule muuza kufuli alikuambia nikiwa nimeshageuka, nalo nililisikia: "Mama, ukiwa na hii, mwanaume hakusumbui." Utakutana na barabara za jioni, na vizuizi, na vijana waliotoka machimboni wamekunywa. Siwezi kukuambia usiogope. Ila siku ukijikuta mkono umeingia mfukoni umekishika kwa sababu ya hofu, hiyo ni alama kwamba umechelewa kuondoka mahali pale. Ondoka. Ingia nyumba yoyote yenye mwanamke, sema umepotea njia. Kisu chako ni cha kamba na mihogo. Nimeona machimboni vijana wazuri waliotoa kisu ili kutisha tu, na aliyetishwa naye alikuwa na chake.

Na ukikata kitu kilichokaza karibu na kitu chenye uhai, iwe mbuzi aliyejinyonga kwa kamba, iwe mtu, geuza makali yatazame nje. Kama muda upo. Kama haupo, kata hivyohivyo, usingoje. Hilo nimelijua wiki hii, jikoni, kutoka kwa mama yako.

Utajikata, Ngalula. Si kwa sababu wewe ni mzembe. Ni kwa sababu utakitumia kila siku, na kila siku ni nyingi. Itakuwa siku ya kawaida, unafikiria jambo lingine. Kaa chini kwanza. Bana kwa kitambaa safi, inua mkono juu, pumua. Usikikasirikie kisu, wala usikitupe. Kifute, kikunje, kirudishe mfukoni.

Halafu usitupigie simu siku ileile. Subiri kidonda kifunge. Utakapopiga, nitapokea mimi, na mama yako atakuwa amesimama nyuma yangu anauliza kama umekula. Mwambie umekula. Mimi niambie ilikuwa kidole gani.

Tata yako